Talaka Haikunitoa Mezani

Jumamosi jioni mimi na binti yangu Lagi tulikuwa jikoni. Mimi nilikuna nazi, yeye alifunga majani ya magimbi kwa chakula cha Jumapili. Kesho yake angepokea komunyo ya kwanza.

"Mama, utapanga mstari wa komunyo na mimi?"

"Utapanga na shangazi Malia."

"Wenzangu wote watakuwa na mama zao! Basi na mimi siendi." Akaanza kulia.

Baba yake, Petelo, alikwenda Nyuzilandi kutafuta kazi. Akapata kazi, akapata na mwanamke. Talaka akaidai yeye mwenyewe mahakamani. Tangu hapo nilikaa benchi la nyuma kanisani. Shangazi yangu Malia aliniambia aliyeachika hapokei komunyo, nami nikaamini. Niliona aibu kweli. Altareni niliahidi "hadi kifo", na hakuna aliyekufa.

Mara akaingia katekista wetu, mzee Iosefo, ameleta shada la maua la Lagi.

"Kulikoni? Mtoto analia kama amefiwa!"

Nikamweleza.

"Nani kakwambia hupokei?"

"Si sheria ya Kanisa, mzee?"

"Hiyo sheria ya shangazi yako!" Akacheka. "Umeolewa tena?"

"Na nani? Kijiji kizima wanauogopa mdomo wangu."

"Una mwanamume ndani?"

"Nina Lagi na nguruwe."

"Basi sikiliza. Talaka peke yake haimzuii mtu kupokea. Anayetaka kuoa au kuolewa tena, huyo aende kwanza kwa padri. Wewe kaungame kama sisi wote, kisha upokee."

"Na ile ahadi yangu?"

"Mliahidi wawili, Telesia. Aliyeondoka ni nani?"

Sijawahi kumtukana Petelo mbele ya mtoto wake. Kila jioni tunamwombea. Kumbe sehemu yangu ya ahadi ningali nayo! Moyo ulinijaa furaha, nikalia kuliko Lagi.

Asubuhi niliungama kabla ya misa. Wakati wa kupokea, shangazi Malia akanivuta mkono.

"Unakwenda wapi wewe? Watu wanatazama!"

"Waache watazame, shangazi. Nimeitwa kula."

Nikapanga mstari na Lagi. Yeye aliitika "Amina" kwa sauti ndogo. Mimi niliitika kwa nguvu, hadi padri akatabasamu. Ahsante, Mungu wangu. Nilidhani umenifukuza, kumbe ulikuwa unaningoja.