Jeneza la Mzee Sáu

Mkeka wa ndago, yale majani marefu ya majimajini, haufumwi na mtu mmoja. Mmoja anapitisha ndago, mwingine anazishindilia kwa ubao zibanane. Kwa jirani yangu Nhàn, yeye alipitisha na baba yake, mzee Sáu, akashindilia. Tangu mama yake afariki walikuwa wao wawili tu. Kila asubuhi nilimsikia mzee akimtania kwamba ana mikono mizito, ndiyo maana wachumba wanamkimbia.

Kisha mzee akaanza kukataa chakula. Hospitali ya mkoa wakamwita Nhàn pembeni wakamwambia ni saratani ya tumbo, tena imeshasambaa. Nhàn akamwambia baba yake kwamba ni vidonda vya tumbo tu. Ndivyo tulivyo huku kando ya mto Mekong. Mgonjwa ndiye wa mwisho kuambiwa, na sisi tunauita huo upendo.

Kazi ya mikeka ikasimama. Uji ukawa mwepesi, siku nyingine Nhàn akanywa maji akalala. Hospitalini kulikuwa na mfanyakazi wa ustawi wa jamii aitwaye Diễm. Alimweleza kwamba msaada upo: chakula cha wagonjwa, nauli ya matibabu, na mchele na posho kupitia ofisi ya kata. Ila ni lazima yeye Diễm azungumze na mgonjwa mwenyewe. Nhàn akakataa. Aliniambia afadhali njaa kuliko Baba kujua.

Nyuma ya nyumba, chini ya turubai, kulikuwa na jeneza. Wazee wetu hujinunulia mapema, wanasema linaongeza umri. Mzee Sáu alifuma miaka mingi kulipata, na kila mwaka mpya alilifuta vumbi kwa mikono yake.

Siku moja niliwapelekea samaki, nikamkuta mzee amejiegemeza ukutani.

"Liuze lile jeneza, tununue mchele," alimwambia Nhàn. "Mnunuzi anakuja kesho."

"Haliuzwi, Baba."

"Vidonda vya tumbo haviui mtu. Nikipona nitanunua jingine. Au unalitaka wewe?"

Nhàn akatoka. Nilimkuta nyuma ya jiko, amejiziba mdomo kwa kitambaa cha shingoni ili baba yake asimsikie akilia. Hapo hapo akampigia Diễm simu.

Diễm alifika asubuhi, kabla ya mnunuzi, nami nilikuwapo. Kwanza alizungumza na Nhàn mlangoni.

"Dada, kumficha hakumwondolei ugonjwa. Anauza vitu vyake bila kujua anachouza. Tumuulize mwenyewe anataka kujua kiasi gani. Akisema hataki, nitanyamaza."

Akaingia, akaketi sakafuni karibu na mzee. Akamuuliza kama angependa kuelezwa yote, au binti yake ndiye aelezwe.

Mzee alimtazama Nhàn, kisha akamgeukia Diễm. "Niambie mimi, mwanangu. Huyu amekonda kuliko mgonjwa."

Diễm akamwambia, polepole, bila kuzungusha maneno. Mzee Sáu akalia, na sikuwahi kumwona akilia kabla, hata siku ya kumzika mkewe. Nhàn akamshika miguu akiomba radhi. Baadaye mzee akajifuta uso.

"Kumbe nitalihitaji," alisema.

"Utalihitaji, Baba."

Mnunuzi alipofika, mzee mwenyewe akamwambia haliuzwi.

Wiki hiyo hiyo watu wa kata wakaja kuiona nyumba. Mchele ukapatikana, kisha posho, na hospitalini wakala wote wawili bila kulipa. Diễm alituambia majirani tusingoje mpaka chungu kikauke. Siku daktari anapotaja saratani, siku hiyo hiyo ulizeni ofisi ya ustawi wa jamii iko wapi.

Mimi nikaketi mahali pa mzee kushindilia mkeka. Naye kitandani alinikosoa kutwa nzima, eti nashindilia kama mtu anayeogopa kuamsha paka. Nhàn alicheka, akapitisha ndago nyingine.

Mzee hakuufikia mwaka mpya. Tulimlaza ndani ya jeneza lake, juu ya ule mkeka ambao alinikosoa mpaka ukanyooka.