Mlango wa Bibi Bado Unatengenezwa

Nyumba yenye watu haikosi sauti zake, na aliyekulia humo hujua upesi pale sauti moja inapokwenda kombo. Fundi alirudi kutoka dukani na mfuko wa sukari mkononi, akapita ukumbini, akagonga mlango wa mama yake kama alivyougonga maisha yake yote.

"Hodi, mama."

"Nani?"

"Ni mimi."

Hapo mama husema, "Pita, mwanangu, mbona umekawia," hata kama mtu hakukawia. Siku hiyo sauti ilirudi vilevile, kwa mvuto uleule.

"Nani?"

"Mimi, mama. Mwanao."

"Nani?"

Fundi akasukuma mlango. Mama alikuwa ameketi kitandani, miguu chini, kitambaa cha kichwani kimelegea, akimtazama binti yake usoni huku machozi yakimtiririka. Alimjua, hilo lilionekana wazi. Midomo ilitaka kusema jambo refu, ikahangaika, ikatoa neno lile moja tu. Na chumba hicho, katika nyumba iliyojengwa kabla Fundi hajazaliwa, kilinuka saruji mbichi.

Hapa sharti nimtaje kaka yake, ingawa kumtaja kwenyewe kunanipandisha hasira. Alijiita Meneja, na cheo hicho hakuna aliyempa. Ofisi ilikuwa sebule ya mama, yenye kompyuta tatu na feni iliyokosa kifuniko. Wafanyakazi walikuwa wawili: Fundi, aliyeandika programu za gemu, na Mchoraji, kijana mpole aliyechora kuta, samani na nyuso. Kazi ya Meneja ilikuwa kuuza. Kuuza alijua, Mungu amsamehe, ila kusubiri hakujua kabisa. Ni mtu wa kumshonea kanzu mtoto asiyezaliwa. Aliwahi kuuza kochi la mama, mnunuzi akaja kulichukua akamkuta mama amelikalia anakunywa chai. Nyumba nzima iliucheka mkasa huo kwa muda mrefu, na nadhani kule kucheka ndiko kulikomharibu.

Gemu yao iliitwa "Nyumbani kwa Bibi." Mchezaji ni mjukuu anayerudi baada ya miaka mingi. Anapita chumba kwa chumba, anafungua makabati, anaokota picha za zamani, mpaka afike mlango wa mwisho. Hapo anapiga hodi. Bibi anauliza "Nani?", mjukuu anajieleza, na bibi anafungua. Ndivyo Fundi alivyokusudia. Lakini alipofika kwenye "Nani?" tu, Meneja akaiweka sokoni. Nyuma ya mlango hapakuwa na bibi, wala kitanda, wala sakafu. Palikuwa na giza tupu, na juu ya mlango kibao: "Mlango huu bado unatengenezwa."

"Kaka, haijaisha!" Fundi alimwambia siku hiyo kwa hasira.

"Ndiyo utamu wake, mdogo wangu. Siku hizi watu wananunua safari, hawanunui mwisho."

"Safari ya kwenda wapi? Chumba hakuna!"

"Utamalizia taratibu huku wanacheza. Mbona unapenda kujipa presha?"

Hiyo taratibu haikuja. Kila wiki Meneja aliwaahidi wachezaji jambo jipya bila kumuuliza mtu: paka, taa za rangi, kofia za mjukuu. Fundi akawa anashinda anatengeneza kofia, na bibi hana hata pa kukanyaga. Akilalamika, anaambiwa asiwe na roho ya kukata tamaa.

Na sauti ya bibi ilikuwa ya mama. Meneja hakumwomba. Aliona uvivu wa kumweka mtu mzima mbele ya kinasa sauti na kumweleza. Mchana mmoja mama akiwa amejinyoosha, alimwendea mlangoni na simu mkononi, akagonga. Mama akauliza, "Nani?" Meneja akapata alichotaka, akavua viatu, akaondoka kwa kunyata bila kujibu. Jioni mama alisema, "Kuna mtu kanigongea mchana. Nimeuliza nani, kanyamaza. Mtu mzima haachwi na swali mdomoni." Wakacheka, hata Fundi. Hilo la kucheka baadaye lilimuuma kuliko yote.

Basi siku hiyo ya sukari, Fundi alitoka mbio chumbani kwa mama akamkuta Mchoraji ameganda mbele ya kompyuta.

"Dada Fundi," alinong'ona, "hivi ule mlango uliuwekea jibu lini?"

"Jibu gani?"

"Wachezaji wanasema bibi akiuliza nani, kuna mtu anajibu kabla yao. Anasema, 'Ni mimi.' Wengine wanasema sauti ni ya marehemu wao."

"Mimi sijaweka kitu."

Alifungua alimohifadhi sauti za mlango. Ilikuwamo moja tu, ile ya mama. Akaiwasha gemu mwenyewe, akampeleka mjukuu mpaka mwisho, akabonyeza. Hodi. "Nani?" alisema mama ndani ya spika, na kutoka chumbani, upande wa pili wa ukuta, mama mwenyewe akasema pamoja naye, "Nani?" Kisha kule gizani ambako hakuna mtu aliyejenga chochote, sauti ya chini, yenye subira, ikasema, "Ni mimi."

Mchoraji alizima kompyuta kwa kuchomoa waya.

Meneja aliingia wakati huo akipiga makofi. "Mmeona? Watu wanamiminika! Hiyo sauti ni kiboko. Nani kaiweka, nimpe mkono?"

"Kaka, mama haongei."

"Kachoka tu. Apumzike."

Walimpeleka hospitali. Daktari alimwangalia koo, masikio, kichwa, akasema haoni tatizo, labda ni mshtuko. Mama akamwangalia daktari kwa adabu zote akamuuliza, "Nani?" Fundi alitoka nje akalia kando ya ukuta. Aliona mama yake anaporwa maneno, na kaka yake anahesabu hilo kuwa bahati.

Jioni yake umeme ulikatika. Meneja alikuwa ametoka. Fundi na Mchoraji walikuwa sebuleni na mshumaa mmoja, kompyuta zimekufa, feni imekufa, mtaa mzima kimya. Ndipo wakasikia mlango unagongwa.

"Ni wa nje," alisema Mchoraji.

Haukuwa wa nje. Uligongwa tena, na kugonga kulikuwa kwa mkono mtupu juu ya mbao, lakini kulitoka ndani ya ukuta, mahali pasipo mlango wala dirisha, na kila ulipogongwa mama kule chumbani aliuliza nani, na kila alipouliza alijibiwa ni mimi, na jibu lilikuwa linasogea, mara nyuma ya kompyuta, mara chini ya kochi, mara ukumbini, huku nyayo zisizo na viatu zikikanyaga kitu kama changarawe kwenye sakafu yenye vigae, na harufu ya saruji mbichi ikazidi mpaka koo zikawakauka, na Fundi aliyetaka kukimbilia kwa mama akabaki ameshika kona ya meza akisikiliza kitasa cha mama yake kikizungushwa polepole na mtu ambaye alikuwa ameulizwa na amejibu, kwa hiyo alijiona ana haki ya kuingia.

"Mama, usifungue!" alipiga kelele.

Umeme ukarudi. Kitasa kikatulia. Mchoraji akasema, "Nina shangazi yangu. Twende kwake kesho, usinibishie."

Shangazi yake Mchoraji alikuwa mganga, mama wa makamo mwenye miwani ya kusomea na hasira za karibu. Alisikiliza yote bila kutikisa kichwa, akamgeukia Meneja, ambaye walimburuta wakamleta.

"Wewe ndiye uliyemgongea mama yako ukakimbia?"

"Nilikuwa kazini," alisema Meneja.

"Kazini! Mama akauliza, hukumjibu. Swali likabaki wazi. Kisha ukalichukua ukaliweka kwenye mlango usio na chumba, ukawaita watu walipie kuugonga usiku na mchana. Gofu halikosi mpangaji, bwana mkubwa. Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu wenu ni mgeni wa kumla mwenyeji. Kaulizwa nani, kajibu. Akishamaliza maneno ya mama yako, ataingia mahali pake."

"Mtoe basi, shangazi," Fundi alisihi.

"Hakuingia kwangu, nitamtolea wapi? Kaingia kwa mlango wenu. Kamalizeni hicho chumba. Mwekeni mwenyewe ndani, na mwenyewe amkatae kwa sauti yake. Kisha msiuze tena mlango mtupu. Dawa yangu ni hiyo tu, na ubani wa kuondolea harufu."

Njiani kurudi, Meneja alikuwa amenuna. "Tukiitoa ile sauti, wateja watakimbia."

Fundi alisimama katikati ya njia. "Ni mama yako anayekwisha! Unanielewa? Mama!"

"Naelewa. Lakini hata ukimaliza chumba, mama ataongeaje? Ana neno moja."

Hilo lilikuwa kweli, na lilimkata Fundi maini. Alikaa mbele ya kompyuta, simu mkononi, akisikiliza jumbe za sauti za zamani za mama ili tu aisikie sauti yake. Njoo na nyanya. Umekula? Mwambie kaka yako arudishe ndoo. Kisha akafika kwenye ujumbe ambao mama alimtumia siku ile ya kochi, mnunuzi akiwa bado mlangoni, akaketi wima.

Hakumwambia Meneja. Alifunga mlango wa sebule, yeye na Mchoraji wakaanza kazi, jua likiwaka nje na watoto wa jirani wakicheza. Alijenga sakafu. Alijenga dirisha, kitanda, meza yenye kikombe cha chai. Mchoraji alimchora bibi na kitambaa cha kichwani cha mama, kilicholegea vilevile. Kadiri chumba kilivyojaa ndivyo kugonga kulivyozidi ukutani, kwa ghadhabu sasa, rangi ikabanduka, vikombe vikaanguka jikoni, na mama akawa anauliza bila kupumzika, nani, nani, nani, sauti imemkauka, na Fundi alikuwa akilia na kuandika, anakosea, anafuta, anaandika tena, akimlaani kaka yake kwa kila kofia aliyomfanya atengeneze.

Akamaliza. Akabonyeza. Hodi.

"Nani?"

"Ni mimi," ikasema ile sauti, nyuma ya sikio lake.

Mlango wa gemu ukafunguka. Bibi alikuwa amesimama kwenye sakafu yake mwenyewe, na sauti ya mama ikatoka kwenye spika, kali, na honi ya lori kwa mbali kama ilivyorekodiwa siku ile: "Mwambie huyo mtu aondoke mlangoni pangu! Simjui, sikumwita, na hapa pana mwenyewe!"

Kitu kilipumua. Nyayo zikatoka sebuleni, zikapita ukumbini kwa kasi, zikatoka nje, na mlango wa mbele ukabamizwa. Harufu ikakatika. Kisha kutoka chumbani:

"Hivi leo nyumba hii chai haipikwi?"

Fundi alikimbia. Mama alimpokea kifuani akimlalamikia kwamba amekonda, kwamba nywele zake hazijachanwa, kwamba kuna mtu kavunja vikombe. Fundi alizipokea lawama zote, akaomba na nyingine.

Meneja aliapa mbele ya mama. "Sawa, sawa, nimekoma." Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Wachezaji walianza kuandika kwamba gemu imekwisha na imepoa. "Rudisheni ile sauti," walisema. Meneja alizisoma jumbe hizo kutwa nzima, akitafuna kucha.

Asubuhi moja Mchoraji alifika kabla ya muda wa kazi, hajafunga hata kamba za viatu. "Dada Fundi, kaka yako kaweka sehemu ya pili sokoni. 'Chumba cha Babu.'"

"Kuna nini ndani?"

"Mlango. Mlango tu, na kibao. Na sauti ya mwanamume inauliza nani. Ni yake mwenyewe."

Fundi alikwenda chumba cha uani alikolala kaka yake. Kabla hajafika, harufu ya saruji mbichi ilimpokea. Alitaka kumtukana, alikuwa ameyapanga matusi yake yote, lakini akagonga kwanza.

"Hodi, kaka."

"Nani?"

"Ni mimi. Fungua."

"Nani?" alisema kaka yake, na akasikika analia.

"Kaka, ni mimi, mdogo wako!"

"Nani?"

Fundi alishika kitasa. Kilikuwa kimeshikiliwa upande wa pili, kwa mkono wenye nguvu kuliko wa kaka yake. Kisha ndani ya chumba sauti ya chini, yenye subira, ikamjibu Meneja kabla ya Fundi.

"Ni mimi."