Kamusi Iliyofungwa Mapema

Kila jioni, baada ya kuosha vyombo, mjukuu wangu wa darasa la sita hunieleza aliyojifunza shuleni. Mimi niliishia la nne, kwa hiyo humsikiliza kwa utiifu, hata nikisinzia.

Siku moja alirudi kifua mbele. "Bibi, leo nimefungua kamusi kubwa ya maktaba. Hili neno malaria Waingereza walilichukua kwa Waitaliano. Maana yake hewa mbaya! Kumbe ugonjwa unaletwa na harufu ya madimbwi, siyo mbu."

"Makubwa! Na chandarua je?"

"Cha kazi gani? Tufunge madirisha tu."

Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi. Kuku walikuwa wananimalizia miche ya mchicha, na chandarua cha mdogo wake nilikuwa nimekipigia jicho siku nyingi. Nikakitandaza bustanini. Madirisha tukayafunga, na mbu tukawafungia humo humo pamoja nasi. Walikula karamu bila kubisha hodi.

Wiki ya pili mdogo wake, mtoto wa miaka minne, aliamka anatetemeka, mwili moto kama pasi. Hata uji aliusukuma. Nikambeba mgongoni mpaka zahanati, dada yake akitufuata mbio huku analia.

Muuguzi alimtoboa kidole, akapima damu, akamwanzishia dawa. "Huyu analala kwenye chandarua?"

"Ndiyo," nilijibu upesi. Uzee nao una uongo wake.

"Hapana, bibi," mjukuu wangu akasema, machozi yakimdondoka. "Kosa ni langu." Akaeleza yote.

"Yale maelezo ya kamusi uliyasoma mpaka mwisho?" muuguzi akamuuliza.

"Kengele ililia. Nikafunga kamusi."

Muuguzi akashusha pumzi. "Waliolitoa jina hilo hawakujua habari za mbu. Ukweli ulikuja kujulikana baadaye, jina likabaki. Asili ya neno siyo asili ya ugonjwa, mwanangu."

Mtoto alipona, ila alikonda mpaka kaptula zikawa zinamvuka. Kila dada yake alipozikaza kwa pini, aliinamisha kichwa.

Nikamwita pembeni. "Usijilaumu peke yako. Wewe ulisoma nusu. Mimi habari za mbu nimeambiwa kliniki mara ngapi? Lakini nilisikia nilichotaka, nikaacha kuuliza. Neno likikupendeza sana, mjukuu wangu, hapo ndipo uliulize mara mbili."