Jagi la Obedi

Jua lilikuwa halijafika juu ya mizabibu, na Penina alikuwa ameshanawa mara kumi na moja.

Kila mara mumewe, Obedi, alimmiminia maji kwa jagi la kijani. Kumnawisha mwenzako ni heshima, na Obedi alikuwa mtu wa heshima. Penina alisugua kwa sabuni ya unga, kisha kwa majivu. Vifundo vya vidole vilikuwa vimepasuka. Maji kwenye beseni yalikuwa na wekundu.

"Tena," alisema.

"Hii ni ya mwisho, mama Tumsifu?"

"Ya mwisho."

Wote wawili walijua si ya mwisho.

Mlangoni alisimama Tumsifu, binti yao wa mwaka mmoja na nusu, amenyoosha mikono abebwe. Penina akarudi nyuma, akaificha mikono yake mgongoni. Miezi mitano sasa hakuwa amembeba mtoto wake. Baba ndiye aliyemwogesha, aliyemlisha uji na kumlaza.

Yote yalianza msimu wa kupulizia dawa mizabibu. Penina alichanganya sumu ya wadudu, akanawa vizuri, akarudi nyumbani kunyonyesha. Jioni mtoto akatapika. Zahanatini walimpima wakakuta malaria. Akatibiwa, akapona. Lakini wazo moja lilimganda Penina kichwani: sumu bado iko mikononi, nitamuua mwanangu. Alijua si kweli. Wazo halikujali anachokijua. Akinawa, hofu ilitulia kidogo. Baada ya dakika chache ilirudi. Jagi hakulishika mwenyewe, asije akalitia sumu.

Obedi alimhurumia, akatii kila alichoambiwa. Akitoka shambani alivua nguo zote nyuma ya nyumba. Alinawa mara tatu kabla ya kushika sufuria. Madumu mawili ya maji kwa siku yakawa sita, naye aliyabeba kwa baiskeli kutoka kioski cha maji, mbali. Hakulalamika hata siku moja.

Jumapili moja akaja Jordan, mdogo wake Obedi anayeishi mjini, Nkuhungu. Alikuja na simu yake.

"Shemeji, tiba imepatikana! Tazama hapa. Ng'ambo wanatoboa fuvu, wanachoma kale kasehemu ka ubongo kanakoleta mawazo. Unalala, unaamka, kwisha habari."

"Wakikosea je?" aliuliza Obedi.

"Kaka, wale ni madaktari, si mafundi baiskeli."

Obedi alilitazama shamba. Ekari moja ya mizabibu, aliyoachiwa na baba yake. Hawakuwa na kitu kingine cha kuuza.

"Uza," alisema Penina. "Wanitoboe. Wakitaka, na hii mikono waikate."

Obedi akaanza kutafuta mnunuzi.

Kabla mnunuzi hajapatikana, mikono ya Penina ilivimba, ikatunga usaha. Obedi akampeleka kituo cha afya. Huko walimkuta Dorkasi, muuguzi wa afya ya akili, mama wa makamo asiyezunguka maneno.

"Shikamoo, sista."

"Marahaba. Nani amekuchubua hivi?"

"Maji," alinong'ona Penina.

"Unanawa mara ngapi kwa siku?"

"Arobaini," alijibu Obedi. "Siku nyingine hamsini."

"Wewe umejuaje?"

"Mimi ndiye ninayemmiminia."

Dorkasi alimgeukia. "Basi ugonjwa huu mnaulisha wawili."

Alisafisha vidonda huku akiuliza maswali. Kisha akasema, "Mama, hujalogwa wala huna wazimu. Huu ni ugonjwa wa akili, unajulikana na unatibika. Wazo baya linakuja, hofu inapanda, unanawa, hofu inashuka. Akili inajifunza kwamba maji ndiyo yaliyokuokoa. Kesho inadai zaidi."

"Ndiyo maana tunataka kuuza shamba akapasuliwe," alisema Obedi.

"Nani kawaambia?"

"Mdogo wangu. Ameona kwenye simu."

"Upasuaji huo upo, sikatai. Ni wa wachache mno, watu waliotibiwa miaka mingi kwa dawa na kwa mazoezi, wakakosa nafuu. Ubongo unaweza kuvuja damu au kuingiwa na vijidudu. Wengine hupata nafuu, wengine hawapati. Na anayepata bado hufundishwa mazoezi yaleyale ambayo mke wako hajajaribu hata moja. Mtu akiumwa jino, unaanza kwa kukata taya?"

"Mazoezi gani?" aliuliza Penina.

"Utagusa unachokiogopa, kidogo kidogo, na hutanawa. Hofu itapanda. Wewe kaa. Kimbunga cha vumbi kikipita uani, unakimwagia maji? Unangoja, kinatua chenyewe. Daktari atakuandikia na vidonge, utameza kila siku. Usitegemee nafuu wiki hii."

"Nisinawe kabisa?"

"Utanawa kama watu wote. Ukitoka chooni, kabla ya kula na kupika, ukimsafisha mtoto, ukishika dawa ya shamba. Mara moja, kwa sabuni, basi." Akamgeukia Obedi. "Na wewe, jagi weka chini."

Vidonda vilipopona, walianza na kitasa cha mlango. Penina alikigusa, akakaa kwenye kigoda.

"Baba Tumsifu, nimiminie. Mara moja tu. Nakuomba kwa jina la Mungu!"

Obedi alistahimili dakika kumi. Kisha akachukua jagi.

Siku ya pili ikawa hivyohivyo. Siku ya tatu Obedi alilifunga jagi kwenye baiskeli, akampelekea Dorkasi. "Kaa nalo wewe," alisema, machozi yakimtoka. "Mimi siwezi kumnyima nikiwa nalo mkononi." Aliporudi alitundika kibuyu chirizi karibu na choo, kidumu kidogo chenye tundu, maji ya kunawa mara moja.

Siku hiyo Penina alimwita mkatili. Alilia hadi sauti ikakauka. Baada ya saa nzima, bila maji, hofu ilishuka.

Wiki zikapita, kliniki kila Alhamisi. Kitasa kilifuatwa na baiskeli, baiskeli ikafuatwa na nguzo ya mizabibu, ambayo dawa yake mvua ilishaiosha. Siku nyingine alishindwa, akanawa kwa siri, akakiri kliniki kwa aibu. Dorkasi hakumkemea. "Anza tena," alimwambia. Madumu yakarudi mawili. Jordan alipouliza kuhusu shamba, Obedi alimjibu, "Haliuzwi."

Mwezi wa nne wa mazoezi, Penina alishika nguzo kwa mikono miwili. Kisha akaenda moja kwa moja hadi mlangoni, akamnyanyua Tumsifu.

Mtoto alipiga kelele. Alijinyonga, akamnyooshea baba mikono. Alikuwa ameisahau mikono ya mama yake.

Obedi akasogea. "Nimchukue?"

Penina alikuwa akilia. Miezi ile ilikuwa imepotea, na hakuna dawa ya kuirudisha. Akaketi kwenye kigoda, mtoto kifuani.

"Mwache," alisema. "Itapanda, kisha itashuka."

Wakangoja. Kilio kikapanda. Kikakaa juu kwa muda mrefu. Kisha, polepole, kikaanza kushuka.