Mgeni Aliyehesabu Ngazi

Kila alipotoka shuleni, Fiammetta alipitia kwanza karakana ya baba yake, akaweka begi na kufagia maranda ya mbao. Baba yake, fundi Ermes, alitengeneza fidla, kama mafundi wengi wa Cremona, mji wao wa Italia. Fidla ikishapakwa vanishi huanikwa juani siku nyingi. Basi roshani ya juu ilikuwa na fidla tano zikining'inia kwenye waya, kazi ya mwaka mzima.

Jumatatu moja alimkuta mwanamke mgeni karakanani, daftari mkononi. Aliitwa Bi Nunziata, ametoka mji wa Bari, na alikuwa akipanga likizo ya familia yake.

"Makumbusho ya fidla nimeshayapangia Alhamisi," alisema. "Siku hiyo hiyo nataka tumtembelee fundi. Fidla mnazianika wapi?"

"Roshani, juu kabisa," baba alijibu huku akiendelea kukwangua ubao. "Panda tu ukaone."

Bi Nunziata akatoa tepu, akapima upana wa mlango. Kisha akapanda akihesabu ngazi moja moja. Alipokuja chini aliandika: arobaini na mbili.

"Na Alhamisi kutakuwa na watu wengi hapa?"

"Nitakuwa peke yangu."

"Afadhali. Kesho nitakuja tukubaliane saa."

Fiammetta alimsindikiza kwa macho mpaka akapotea. Afadhali nini? Mtalii gani huyu wa kupima milango ya watu?

Alimsimulia jirani yao Tazio, aliyesoma naye darasa moja. Tazio alikuwa akitafuna torone, ile peremende ngumu ya lozi, nusura impalie.

"Dalili ya mvua ni mawingu, wewe! Apime mlango, ahesabu ngazi, aulize lini baba yako yuko peke yake, halafu umwite mtalii? Alhamisi mtabaki kuanika soksi!"

Fiammetta alicheka, lakini roho yake haikutulia. Hakumwambia baba. Alijua angejibiwa, "Acha maneno ya Tazio."

Kesho yake baba alikuwa ametoka kununua mbao Bi Nunziata alipobisha. Fiammetta alisimama katikati ya mlango.

"Baba amesema haiwezekani. Alhamisi tunafunga."

"Hata saa moja tu?"

"Hata dakika moja."

Ulikuwa uongo mtupu. Bi Nunziata alifungua daftari, akaikata Alhamisi kwa kalamu.

"Sawa, mwanangu. Binti yangu Miriana ndiye atakayeumia. Anatumia kiti cha magurudumu, na ndoto yake ni kuziona fidla zikiwa zimeanikwa. Nimeshazunguka kwa mafundi watatu, milango yao haipitishi kiti. Wenu unakipitisha. Nilijua ngazi ni nyingi, ila nilitaka kumbeba mgongoni, bila umati wa watu kututazama."

Akaondoka. Fiammetta aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Baba aliporudi, alimweleza yote huku akilia.

"Sitakusemea," baba alisema kwa hasira. "Nitafuatana nawe, lakini mdomo uliodanganya ndio utakaoomba radhi."

Walimtafuta mjini, wakamkuta Bi Nunziata kwenye mkahawa wa uwanja mkuu wa mji, daftari limefungwa. Fiammetta aliomba radhi, akakiri kila kitu.

"Mwizi? Mimi?" Bi Nunziata aliguna. "Mwizi gani anapima mlango mbele ya mwenye nyumba?" Hakutabasamu. "Umeniumiza, binti. Ila umekuja mwenyewe kuniambia."

Fiammetta akafuta machozi. "Jua linafika uani kwetu saa tano mpaka saa saba. Tunaweza kufunga waya pale, tuziteremshe fidla. Miriana hatahitaji kubebwa. Makumbusho mwende alasiri."

Bi Nunziata alimtazama fundi Ermes. Fundi akaitikia kwa kichwa. Ndipo daftari likafunguliwa, Alhamisi ikaandikwa upya.

Alhamisi ilipofika, Miriana alikaa uani saa mbili nzima chini ya zile fidla, akiuliza maswali mpaka fundi Ermes akaishiwa majibu. Hata mama yake alipomwambia makumbusho yanawasubiri, alisema yasubiri.

Wageni walipokwisha kuondoka, baba alimwita Fiammetta.

"Kushuku si kosa, mwanangu. Ukishuku, uliza, au uniambie mimi. Wewe ulihukumu, kisha ukadanganya. Ulikuwa ukimwogopa mwizi, kumbe aliyekaribia kuiba ni wewe. Ulikaribia kumwibia yule mtoto siku yake."

Fiammetta akatoka uani, akaanza kuzirudisha fidla roshani, moja moja.