Aliyeipa Mechi Kisogo

Jumamosi ile alasiri, mbele ya duka la runinga, watu walikuwa wamejaa hadi ukingoni mwa barabara. Mwenye duka alikuwa ameweka runinga kubwa dirishani, kioo kikazuia sauti yote, lakini nani alihitaji sauti? Timu ya zambarau ilikuwa inacheza na timu nyeupe, bado bila bila, na kila aliyepita na mfuko wa sokoni alisimama "dakika moja tu" akasahau alikokuwa anakwenda.

Ndipo fundi wa lifti alipotokea, ovaroli yake ina doa la grisi kifuani na skafu ya zambarau imemning'inia shingoni.

"Jamani, Nuksi huyo!" fundi viatu alipiga kelele. "Tumekwisha!"

"Geuka, bwana! Geuka kabla hujatufungisha!"

Nuksi hakubisha. Alikuwa amezoea. Miaka nenda rudi, timu aliyoishabikia ilifungwa, na balaa lenyewe halikuishia uwanjani. Aliponunua hisa za kiwanda cha saruji, zilianza kuporomoka wiki hiyohiyo, na tangu hapo mjomba wake alikuwa akimpigia simu kumuuliza kwa adabu kabisa anafikiria kununua nini, ili yeye auze. Katika uchaguzi wa diwani, mgombea aliyempenda alimfuata hadi kazini, akamshika mkono, akamwomba kama hatajali ampigie debe mpinzani. Hata hivyo maoni hayakumwishia. Juu ya kocha, juu ya bei ya hisa, juu ya serikali, aliyamwaga kutwa nzima akiwa ndani ya shimo la lifti, na wapangaji wakamsikia kutoka ghorofa ya tatu.

Basi akageuka, akaipa runinga mgongo, akabaki ametazamana na umati. Hapo ndipo alipomwona mwanamke mmoja.

Alisimama mstari wa mbele kabisa, gauni la manjano lenye mifuko, raba nyeupe miguuni, mwavuli umebanwa kwapani. Uso wake haukuweza kuficha kitu. Nyusi zilipopanda, fundi alijua mpira umevuka katikati. Akiuma mdomo, ni kona. Akifumba jicho moja, basi langoni kwao kuna hatari. Fundi akaitazama mechi yote usoni pa yule mwanamke, na hakukumbuka kuona mechi tamu kama ile. Kisha macho yakamtoka yule mwanamke, mwavuli ukaanguka, na umati mzima ukaruka juu.

"Nani amefunga?" Nuksi aliuliza.

"Yule winga mzee!" Yule mwanamke alikuwa amemshika mkono bila kujijua.

"Nilisema! Mwezi mzima nasema mzee apangwe, kocha hasikii!"

Yule mwanamke akaachia mkono, akamtazama juu hadi chini. "Na wewe mbona umesimama hivyo kama askari wa lango? Unatazama nini?"

"Natazama mechi."

"Mechi iko kisogoni kwako, kaka."

"Ninayoitazama mimi iko mbele yangu."

Alicheka hadi akajishika kiuno. "Haya, Bwana Kisogo. Mwenye mechi yako anataka mwavuli wake, umeukanyaga."

Alikuwa daktari wa meno, na kliniki yake ilikuwa ghorofa ya nne katika jengo moja nyuma ya posta. Lifti ya jengo hilo ilikuwa nzima, lakini tangu siku ile ilikaguliwa kuliko lifti yoyote mjini. Fundi aliipaka grisi, akaibana skrubu, akaipanda hadi ya nne kuijaribu, na akiwa huko huko, angefanyaje, alichungulia kuamkia.

"Mimi nimezoea kuzungumza na watu waliofumbua mdomo na hawawezi kujibu," Daktari alimwambia. "Wewe umefumbua na unajibu. Nitakuzoeaje?"

Alimzoea. Jioni zikawa ni za simu.

"Haloo, Kisogo. Umekula?"

"Nimekula. Umesikia serikali inataka kupandisha kodi ya mafuta? Kosa kubwa. Mimi ningekuwa waziri—"

"Ungekuwa waziri tungehama nchi sote."

"Cheka tu. Mjomba naye ameniuliza hisa za kununua. Nimemtajia kampuni ya simu, amekimbia kuuza zake, hata kwaheri hakusema."

"Na kipa wetu je?"

"Auzwe! Wiki iliyopita niliona hakuna njia, nikavaa jezi nyeupe, nikawashangilia wale weupe kwa nguvu zangu zote. Si wakafungwa? Siku nyingine unawashabikia maadui ili watu wako wapone."

"We mwanamume una kichaa. Na juu yangu mimi, huna maoni?"

Nuksi akahamishia simu sikio la pili.

"Wewe... wewe uko salama," alisema.

"Salama kama lifti?"

"Lifti nimeikagua. Wewe nakuogopa."

Daktari alicheka, akamtakia usiku mwema. Hakujua kwamba maskini yule alisema kweli tupu. Alimpenda hata kukohoa kwake, na hakuthubutu kulitamka, kwa kuwa aliyajua yanayowapata wote anaowashabikia.

Jioni moja alimkuta kliniki amemaliza mgonjwa wa mwisho. Nuksi akajilaza kwenye kile kiti cha wagonjwa, miguu juu, akawa anacheza na taa. Daktari alikuwa anavua glavu, polepole kuliko kawaida yake.

"Nimeitwa kazi nyingine," alisema. "Hospitali mpya, mwendo wa treni wa kutwa nzima. Wanataka niwe mkuu wa kitengo cha meno."

Taa ikamponyoka fundi mkononi. "Hongera."

"Sijakubali bado. Nataka kusikia maoni yako. Una maoni juu ya mawaziri ambao hata hawakujui. Juu ya hili unasemaje?"

Mwili wake wote ulisema abaki. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini hapo hapo akaiona timu ya zambarau inatoka uwanjani vichwa chini, akaiona saruji inaporomoka, akamwona mgombea wake anakunja mabango, na kila mmoja alikuwa ameanguka kwa sababu yeye alitaka asianguke. Akisema abaki, ataondoka. Ikabaki njia moja tu aliyoijua, ile ya jezi nyeupe.

"Nenda," alisema. Na kwa kuwa alikuwa shabiki, hakujua kushabikia nusunusu. "Nenda tena upesi! Mji huu una nini zaidi ya vumbi na foleni? Ningekuwa wewe ningekwisha kufunga mizigo."

"Hivi hivi tu?"

"Hivi hivi."

"Na wewe hutaumia?"

"Mimi? Mimi nina timu yangu."

Daktari alizitupa glavu kwenye pipa, akakawia kupanga vifaa vilivyokwisha kupangika. "Haya," alisema. "Asante kwa maoni."

Nuksi alishuka kwa ngazi akipiga mluzi. Alijiona mjanja kupita kiasi. Hakuna mtu aliyewahi kuishabikia safari kama alivyoishabikia ile, basi ingefika wapi?

Akasubiri simu ya kumwambia safari imekufa. Simu ilipokuja, sauti ya Daktari ilikuwa ile anayoitumia kwa wagonjwa.

"Nimekubali. Naondoka Jumamosi kwa treni ya alasiri."

"Jumamosi ni fainali," alisema Nuksi, kwa sababu kichwani mwake hakikubaki kitu kingine.

"Ndiyo. Ifurahie fainali yako."

Simu ikakatwa. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alichokishabikia kilikuwa kimeshinda, naye akakaa juu ya kisanduku chake cha vifaa.

Alikwenda moja kwa moja kwa dada yake, mshonaji, aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Dada alikuwa nyuma ya cherehani, pini tatu mdomoni, na alisikiliza kisa chote bila kuinua kichwa. Kilipofika mwisho alizitoa zile pini, maana alitaka kucheka na hakutaka kufa.

"Yaani ulimwambia aende ili abaki?"

"Ndiyo."

"Mungu wangu." Alicheka hadi machozi, kisha akayafuta, na hapo akakasirika. "Sikiliza, mdogo wangu. Timu yenu inafungwa kwa sababu mabeki wanakimbia kama wamevaa kandambili. Saruji ilishuka kwa sababu kiwanda kilisimamisha kazi. Na yule mgombea wako hata mkewe hakumpigia kura. Wewe huna nuksi. Una majivuno. Unadhani dunia nzima imekaa inakutegea sikio, ijue unataka nini ili ikunyime."

"Na Daktari?"

"Daktari alikuuliza, ukamjibu uongo. Hapo nuksi inaingiaje? Vua shati hilo nilipige pasi, kesho kutwa unakwenda stesheni."

Jumamosi mtaa wote ulikuwa umehamia stesheni, kwa kuwa ukumbi wa abiria ulikuwa na runinga kubwa kuliko ile ya dukani. Fundi viatu alimwona akiingia na shati lililonyooka, skafu ya zambarau shingoni. "Nuksi, leo tunakuomba kwa heshima," alisema, "hata mlangoni usisimame." Nuksi hakumsikia. Alipita katikati yao hadi jukwaani, akatazama behewa moja baada ya jingine.

Daktari alikuwa dirishani, gauni la bluu la safari, nywele amezibana nyuma. Alipomwona, uso wake ulijaribu kuficha kitu, lakini ule uso haukujua kazi hiyo.

"Fainali inaanza," alisema.

"Nilikudanganya," alisema Nuksi.

"Lini?"

"Siku ile kwenye kiti. Sitaki uende. Nikikitaka kitu kinanitoka, unajua, basi nikasema nenda, nikidhani..." Mbele ya Daktari ilisikika kama upumbavu mtupu, na ulikuwa ndio.

Daktari alimkodolea macho. "Ulinishabikia kinyume?"

"Kinyume."

"Kama ile jezi nyeupe?"

"Kama ile jezi."

Aliushusha mwavuli dirishani, akampiga nao begani, si kwa nguvu lakini si kwa mzaha. "Nimelia mimi, Kisogo! Nimelia chooni, nikajipangusa, nikavaa barakoa, nikarudi kumng'oa mtu jino. Kwa sababu ya jezi?"

"Nisamehe."

"Sikukuuliza ili unipangie safari. Kazi naitaka, na naiweza. Nilitaka kujua kama utaumia."

"Naumia." Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyokusudia, na abiria wa dirisha la pili wakageuka. "Naumia tangu uliponipigia, chakula hakipiti. Nakupenda, Daktari. Nataka kukuoa, iwe hapa, iwe huko uendako, popote. Nimelisema. Sasa nuksi ifanye itakalo."

Filimbi ya treni ikalia. Daktari alikuwa anauma mdomo, na Nuksi, aliyeujua ule uso kwa moyo, hakuweza kabisa kujua mpira uko wapi.

"Hospitali ile ina ghorofa sita," alisema Daktari. "Nasikia lifti yao hukwama kila wiki."

"Hilo ni jibu?"

"Hiyo ni habari. Jibu utalipata mpira ukiisha. Nenda kaitazame fainali, na uitazame kwa uso, si kwa kisogo. Halafu unipigie."

"Mpenzi, tutafungwa!"

"Tukifungwa tumefungwa," alisema, na treni ikaanza kumwondoa.

Alirudi ukumbini. "Geuka!" walimwambia. "Leo sigeuki," alijibu, na ijapokuwa wote walimsihi, na fundi viatu akamshika mabega kutaka kumzungusha, alisimama pale pale. Kwa miaka mingi mechi za timu yake alikuwa amezionja kwa makelele ya watu tu. Sasa aliziona zile pasi fupi za kushoto, akamwona winga mzee anavyotuliza mpira kifuani kana kwamba uwanja ni sebule yake. Ikawa bao moja kwa bao moja. Mzee akaachia shuti la mbali, likapinda, likagonga mwamba, na ukumbi ukaugua. Jasho lilikuwa linamtoka Nuksi. Aliitaka ile timu ishinde waziwazi, bila hila, kama alivyotaka lile jibu, na hofu yake ilikuwa moja kwa vyote viwili.

Mwishoni kabisa, beki wa zambarau aliteleza. Weupe wakafunga la pili, na mpira ukaisha.

Mmoja mmoja, watu wakaanza kumtazama Nuksi. Fundi viatu alivua kofia yake, akaikunjakunja mikononi. "Si tulikuomba kwa heshima?" alisema.

Nuksi alitoa simu. Alikosea namba mara mbili.

"Haloo, Kisogo."

"Tumefungwa," alisema.

"Najua. Humu kuna mzee ana redio, behewa zima limenuna."

"Niliitazama yote. Sikugeuka."

"Uliliona lile shuti la winga mzee?"

"Nililiona. Uzuri wake, Daktari... Nilitaka tushinde, na tumefungwa. Na wewe bado nakutaka."

"Beki yetu ni mbovu, mpenzi. Hayo ndiyo maoni yangu. Wewe ungefanya nini na beki mbovu?"

"Sasa jibu?"

Magurudumu ya treni yalisikika, na mtu akikohoa, na redio ya yule mzee.

"Jibu ni ndiyo," alisema Daktari. "Lilikuwa ndiyo hata kabla hawajafunga. Njoo, na usisahau vifaa vyako."

Mle ukumbini, katikati ya watu walioshika mashavu, mtu mmoja wa zambarau aliruka juu akapiga ukelele. Akaruka tena, akamkumbatia mkata tiketi. Umati mzima ukaipa runinga mgongo, ukamkodolea macho usoni.

"Nani amefunga?" fundi viatu aliuliza.

"Mimi," alisema Nuksi.