Uzi wa Luang Prabang

Jioni moja ya mwaka 2016, giza likianza kuingia Westmead, kitongoji cha Sydney, Apondi alibisha mlango wa shemeji yake, Rufus. Alifuata nguo za marehemu dada yake, Achola. Mama yao kule Siaya alitaka azike walau nguo, maana mwili haukupatikana.

Rufus alifungua akitabasamu. "Karibu, shem. Nasikia ulienda mpaka kule?"

"Nilienda."

Kule ni Luang Prabang, mji wa kale wa mahekalu ya Kibudha, ukingoni mwa mto Mekong. Rufus alimpeleka mkewe huko likizo, akarudi Sydney peke yake. Boti iliyumba, alisema. Achola akateleza. Watu wa kanisani walilia naye. Apondi pia alilia naye.

Kisha akapanda ndege akajionee mwenyewe. Alfajiri watawa walipita kimya na bakuli zao, wanawake waliopiga magoti wakiwatilia wali. Mchana alimwonyesha kila mwenye boti picha ya Achola. Mzee mmoja akainamisha uso. Hawakuwa na lugha moja. Mzee alishika ukingo wa boti yake kwa vidole vyote, kama mtu aliye majini. Halafu akaondoa mikono, akaukanyaga ukingo ule kwa kisigino.

Akakanyaga tena.

Apondi akaelewa.

Mke wa mzee, aliyejua Kiingereza kidogo, alimpeleka kwenye ngazi za hekalu zinazoshuka mtoni. Huko roho iliyopotea huitwa, ikafungwa kwa uzi mweupe. Apondi aliliita jina la dada yake mpaka sauti ikamkauka. Uzi mkavu ukalowa kiganjani mwake.

"Mpeleke kwa mama yake," mwanamke alinong'ona. "Usipite kwingine."

Lakini Apondi alipita.

Sasa Rufus alisukuma begi la nguo mlangoni. "Ni hizi tu, shem."

"Asante. Nami nimekuletea baraka ya kule. Wanaifunga mkononi."

Rufus alisita. Angekataaje, mbele ya ndugu wa marehemu? Akanyoosha mkono. Apondi akakaza fundo.

"Mbona umelowa?"

Apondi akauachia mkono wake.

Huko bafuni, bomba likafunguka...

Maji yakaanza kumwagika taratibu. Ikaja harufu ya tope, na ya samaki waliovunda. Taa ya koridoni ikafifia.

"Kuna mtu ndani?" Apondi aliuliza, ingawa alijua.

"Niko peke yangu."

"Rufus..." Sauti ilitoka bafuni, laini, kama ya mtu anayeomba taulo. "Nishike mkono..."

Uso wa Rufus ukasawajika. Akauvuta uzi. Kadiri alivyovuta ndivyo ulivyozidi kuzama nyamani.

"Shem, fungua. Tafadhali."

"Ulimkanyaga vidole?"

"Alisema ananiacha! Angerudi hapa, watu wote wangejua..." Akaanza kulia. "Fungua, Apondi!"

Nyayo zilizolowa zikaanza kuja koridoni.

Pwa.

Pwa.

Apondi alichukua begi, akatoka, akavuta mlango. Akakishika kitasa kwa mikono miwili. Kilizunguka kwa nguvu, kikatetemeka. Akakaza. Alikaza mpaka kitasa kikatulia.

Waliomkuta Rufus walisema zulia lilikuwa kavu kabisa. Yeye alikuwa amelala sebuleni, mapafu yamejaa maji mekundu ya tope. Daktari alishindwa kueleza. Mkononi hapakuwa na uzi, ila alama tu. Apondi alikwenda mazishini, akaimba nyimbo zote. Usiku huo alilala usingizi mzito, wa kwanza tangu msiba.

Jumapili, Apondi akisubiri feri Parramatta, mama yake akapiga simu. Alikuwa akinong'ona.

"Mwanangu, Achola amefika."

"Mama?"

"Amelowa chapachapa. Nimempa leso, nayo imelowa. Amekaa jikoni, hali, hanywi." Mama alishusha sauti zaidi. "Anasema wewe ndiye uliyemwita, na kazi uliyompa ameimaliza."

"Mwambie apumzike, mama. Mwambie imetosha!"

"Nimemwambia. Hanisikii mimi." Pumzi ya mama ilikuwa ikikwaruza. "Anauliza... nani anafuata?"

Apondi alijiziba mdomo kwa kiganja, haraka, kabla hajatamka.

Jina lilikuwa limeshamjia.